Jibu Kwanza, Projekta Baadaye: Namna ya Kumfanya Mwanafunzi Afikiri Katika Darasa Lenye Vifaa vya Kisasa

Skuli yetu ya sekondari hapa Pemba ilipopata projekta yake ya mwanzo, mimi ndiye niliyekimbilia kuiomba kabla ya wenzangu. Nilitayarisha somo la umeme kwa picha za rangi, mishale inayotembea ndani ya waya na maelezo mafupi yaliyopangwa vizuri, na wanafunzi wa kidato cha pili wakatazama kimya kipindi kizima cha dakika 40. Nilitoka darasani nikiwa na yakini kwamba nimefundisha. Wiki mbili baadaye, niliposahihisha zoezi lao, niliona kwamba wengi bado waliamini kile kile walichokiamini kabla ya somo, yaani kwamba glopu ya kwanza katika sakiti hutumia sehemu ya mkondo wa umeme na kuiachia glopu ya pili mabaki. Picha zangu zilipita mbele ya macho yao bila ya kuigusa imani hiyo, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja niliyemtaka aitoe hadharani na kuitetea.

Tangu wakati huo nimeshika utaratibu mmoja, nao ndio ninaoueleza hapa kwa walimu wenzangu wa Unguja na Pemba: skrini isionyeshe kitu chochote mpaka kila mwanafunzi awe ameandika jibu lake mwenyewe. Hakuna haja ya kila mwanafunzi kuwa na kifaa. Inatosha projekta moja, au hata kompyuta mpakato moja, pamoja na karatasi na swali zuri.

Swali ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote, kwa hivyo litengee muda wakati wa kuandaa somo. Swali la kumtaka mwanafunzi aeleze kanuni ya Ohm linajibika kwa kukariri, na halituambii chochote kuhusu anavyofikiri. Swali linalofaa ni lile ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa akili yake ya kila siku, na ambalo akili hiyo ya kila siku humpeleka njia isiyo sahihi. Ili kulipata, chukua madaftari na karatasi za mitihani za mwaka uliopita, tafuta makosa yaliyojirudia, kisha yageuze kuwa machaguo manne. Usibuni chaguo la kipuuzi kwa ajili ya kujaza nafasi. Kila chaguo liwe ni jibu ambalo mwanafunzi wa kweli aliwahi kuliandika na kuliamini.

Lugha yetu yenyewe ni hazina ya maswali ya namna hii. Sote husema kwamba pasi inakula umeme sana, na mtoto aliyekua akiisikia kauli hiyo nyumbani ana haki ya kushangaa anapoambiwa darasani kwamba mkondo unaoingia kwenye glopu ni sawasawa na unaotoka. Kinacholiwa ni nishati, na mita ya umeme ya TUKUZA iliyopo ukutani kwao huihesabu nishati hiyo kwa yuniti, yaani kilowati-saa, ilhali mkondo katika sakiti ya mfuatano unabaki ule ule. Naamini kwamba mwalimu anayelipita neno hili "kula" bila ya kulisimamisha na kulihoji anaiacha nusu ya somo. Swali ninalolitumia sasa ni hili: glopu mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine katika njia moja ya waya, kwenye betri moja, je, ni ipi itakayowaka zaidi? Chaguo A ni ile iliyo karibu na ncha chanya. Chaguo B ni ile iliyo karibu na ncha hasi, na hili huwavuta wale waliosikia kwamba elektroni hutokea upande huo. Chaguo C ni kwamba zote zitawaka sawa. Chaguo D ni ile yenye waya mfupi zaidi kutoka kwenye betri, iwe upande wowote.

Liandike swali ubaoni au lionyeshe kwa projekta peke yake, bila ya picha ya jibu. Wape wanafunzi dakika mbili za ukimya waandike herufi moja na sentensi moja ya sababu. Sentensi ya sababu isiachwe, kwa kuwa herufi inaweza kubahatishwa lakini sababu haibahatishwi. Hapa walimu wengi hushindwa kuvumilia. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Kama swali la mdomo linahitaji sekunde tatu, swali la kufikirisha linastahili dakika mbili bila ya mwalimu kutia neno.

Baada ya hapo wapigishe kura. Kila mwanafunzi awe na kadi nne za boksi zenye herufi A, B, C na D, na kwa ishara yako wote wainue kwa pamoja, kadi zikiwa kifuani na si juu ya kichwa, ili jirani asipate wasaa wa kuchungulia na kubadilisha. Njia hii huwasaidia sana wanafunzi wenye haya, hasa wasichana wanaokaa kimya darasani ijapokuwa madaftari yao yanaonyesha kwamba wanajua. Ukiwa na simu yenye kamera, ipo programu iitwayo Plickers ambayo husoma kadi maalumu zilizochapishwa: mwanafunzi huigeuza kadi yake upande wa jibu analolitaka, mwalimu hulipitisha jicho la kamera darasani, na idadi ya kura hujitokeza kwenye simu. Ni nyenzo nzuri, lakini ijaribu mapema kwa mtandao wa skuli yako, na usione tabu kuendelea na kadi za boksi.

Hesabu kura lakini usitaje jibu, wala uso wako usilitaje. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupendekeza kwamba waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya takriban asilimia 30 na 70, wanafunzi wajadiliane wao kwa wao kisha wapige kura tena. Wakiwa chini ya hapo, mada inahitaji kufundishwa upya. Wakiwa juu ya hapo, toa maelezo mafupi usonge mbele. Wakati wa majadiliano mwambie kila mmoja atafute jirani mwenye herufi tofauti na yake, amshawishi kwa sababu.

Katika kipindi kimoja nilisimama nyuma ya dawati la wasichana wawili na mvulana mmoja. Mvulana alishika chaguo A na kusema, "Umeme unaifikia hii kwanza, lazima ishibe kwanza." Msichana mmoja akamuuliza, "Sasa ukizigeuza betri, ile ya nyuma ndiyo itakuwa ya kwanza. Glopu imejuaje kuwa imebadilishwa nambari?" Mvulana alinyamaza, akachora sakiti ile upya kwenye daftari, akaizungusha kwa kidole mara mbili, kisha akaniita: "Maalim, nibadilishe au ningoje kura?" Nilimwambia angoje kura. Jambo ambalo slaidi zangu zote za mwaka ule hazikulifanya lilitendwa na swali moja la mwenzake.

Sasa ndipo kifaa kinapoingia. Baada ya kura ya pili, washa sakiti yenyewe. Mimi hutumia programu za PhET, zinazoigiza majaribio ya sayansi kwenye skrini, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambazo mradi wake ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Ni za bure, na zinaweza kupakuliwa mapema zikafanya kazi bila ya intaneti. Mwite mwanafunzi aunganishe betri na glopu kwenye skrini, aweke ammita, yaani kipimo cha mkondo, sehemu tatu, na darasa zima lisome nambari kwa sauti. Kabla ya kubofya kila kitufe uliza, "Mnatarajia nini?" na usibofye mpaka waandike. Kisha, ukiwa na betri mbili za tochi na glopu ndogo mbili, fanya jambo lile lile mezani, maana wapo wanafunzi ambao hawaiamini kompyuta katika suala la umeme mpaka wauone umeme wenyewe, na nadhani wako katika haki.

Majadiliano yawe kwa Kiswahili. Najua kwamba sayansi ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza na mtihani huja kwa Kiingereza, na najua wapo wakuu wa skuli wanaokasirika wakisikia Kiswahili katika kipindi cha fizikia. Hata hivyo, mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza hawezi kwa wakati huo huo kutafuta sababu, na matokeo yake ni kwamba watoto wachache wenye Kiingereza kizuri husema na waliobaki huitikia. Waache wabishane kwa lugha waliyolelewa nayo, halafu dakika tano za mwisho uwape kazi ya kuandika hitimisho lao kwa Kiingereza, sentensi mbili au tatu, huku istilahi muhimu zikiwa zimeandikwa ubaoni. Nimeona sentensi hizo zikiwa bora zaidi pale mjadala ulipokuwa wa Kiswahili cha wazi.

Ukiwa na kompyuta chache katika chumba cha kompyuta, au vishikwambi kama vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu, wapange wanafunzi watatu au wanne kwa kifaa kimoja na uweke sharti hili: aliyeshika kipanya au kishikwambi haamui, na anayeamua hakigusi. Mwenye kifaa hufanya yale tu anayoelekezwa na wenzake, na kila baada ya dakika saba au nane wanabadilishana. Bila ya sharti hili, mwanafunzi mwenye kompyuta nyumbani huikamata kazi yote, na wengine hugeuka watazamaji kama walivyokuwa mbele ya projekta yangu ya mwaka wa kwanza.

Kuhusu umeme kukatika na mtandao kusumbua, kanuni ni kuandaa somo ambalo linaweza kuendelea bila ya vifaa hivyo. Pakua kila kitu tangu jana yake. Skuli yenye uwezo inaweza kuweka Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyasambaza kwa nyingine bila ya intaneti. Wakati wa masika, mvua ikipiga juu ya bati, sauti ya mwalimu haifiki dawati la tatu, na hapo maswali ya maandishi na kadi huwa na faida kuliko hotuba yoyote.

Utaratibu huu haukomei kwenye fizikia. Katika jiografia au hisabati, watoto wa shehia za pwani wana elimu ambayo kompyuta ya skuli haina: wanajua bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, yaani siku za maji madogo, na wengine mama zao hupanga siku za kwenda kwenye mwani kwa kufuata bamvua. Wagawie kazi ya kuandika saa ambayo maji yalijaa kila siku kwa siku 15, na urefu wa maji kwenye nguzo iliyotiwa alama. Kabla ya kuingiza takwimu katika programu ya majedwali, kila mmoja achore kwa mkono umbo la grafu analolitarajia. Kompyuta ikichora, watalinganisha, na ubishi mzuri utazuka kwa nini maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na kwa nini bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtoto wa mvuvi aliyekuwa wa mwisho katika aljebra anaweza kuwa ndiye anayetoa maelezo siku hiyo.

Tarajia malalamiko. Wanafunzi waliozoea kunakili maelezo watasema kwamba mwalimu hafundishi, na mzazi anaweza kuuliza kwa nini daftari lina kurasa chache. Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha jambo hili hili: wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi kwamba wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha. Waeleze wanafunzi mapema kwamba uzito wanaouhisi ni uzito wa kufikiri. Kwa mwalimu mkuu, unaweza kutaja uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni uliochapishwa mwaka 2014, ambapo wastani wa waliofeli ulikuwa takriban asilimia 34 katika mihadhara na asilimia 22 katika madarasa ya kushirikishwa. Ama suala la muhtasari kutokamilika, anza na swali moja tu kwa kipindi, ambalo pamoja na kura, mjadala na onyesho halihitaji kuzidi dakika 20, na maelezo ya kunakili yachapishwe au yabandikwe ukutani.

Baada ya wiki mbili rudia swali lile kwa sura nyingine, kwa mfano kwa glopu tatu badala ya mbili, bila ya kutangaza. Andika idadi ya kura zote, za mwanzo, za pili na za marudio, katika daftari moja pamoja na swali lenyewe na sababu za makosa ulizozisikia, kisha daftari hilo na kadi za boksi viwekwe kwenye kabati ya walimu, ili anayesomesha zamu ya mchana akija avikute tayari.