Kabla ya kuwapeleka watu Tumbatu, tazama mwezi

Kijana mmoja wa hapa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, kitambulisho chake cha kutembeza wageni hakijatimiza mwezi, alinijia nyumbani na daftari. Alikuwa amepata kikundi cha watu 14, walimu wa skuli kutoka bara, wanataka kuiona pwani ya kaskazini na magofu yake, pamoja na kisiwa cha Tumbatu kilicho ng'ambo yetu, kwa siku moja. Akaniuliza aanzie wapi. Nikamuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Akanitajia tarehe ya kwenye simu. Nikamwambia afunge daftari, twende pwani kwanza.

Haya niliyomwambia nayaandika kwa yeyote anayeanza kazi hii. Nimeifanya miaka 12, na nyingi ya siku zangu zilizoharibika ziliharibiwa na maji, si na wageni.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu za nyuma yake, maji yetu hupwa mpaka mwisho kama saa 4 asubuhi, kisha hujaa kama saa 10 alasiri. Maji mafu ni kinyume: mwezi 8 au 22 hivi, yaani siku zake tangu uandame, saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ukishayashika haya, chukua kalenda ya Kiislamu, hesabu, kisha ndipo umjibu mteja. Akikulazimisha tarehe ya bamvua, mwambie wazi kwamba asubuhi boti haitafika ufukweni na watu watatembea juu ya mawe. Mimi kwa kikundi huchagua mwezi 7 hadi 9, au 22 hadi 24. Tunavuka maji yakiwa yamejaa, tunarudi kabla hayajatutupa.

Nilijifunza kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili nilikubali mwezi 16 kwa kuwa nilihitaji pesa, na gari tulilokodi likachelewa kutoka mjini. Tulipofika upande wa Tumbatu maji yalikuwa yamekwenda zao. Nahodha akasimamisha mashua mbali, tukashuka, tukatembea juu ya mwamba. Mama mmoja wa miaka 60 na zaidi, aliyevaa malapa, aliteleza akachanika wayo. Nilimbeba mgongoni mpaka mchangani. Hakulalamika hata neno moja, na mpaka leo kule kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma.

Kwa hiyo viatu. Sema siku mbili kabla, sema tena usiku wa kuamkia safari: raba kuukuu zenye soli nene, za kuvaliwa hata ndani ya maji. Ardhi ya Tumbatu ni maweni, mwamba wa matumbawe ya kale uliochongoka kama meno ya msumeno. Malapa hukatika kamba katikati ya njia. Mimi huweka jozi tatu za akiba ndani ya kiroba, na sanduku la dawa lenye bandeji, pamba na dawa ya kusafishia kidonda, kwa sababu kidonda cha tumbawe kisiposafishwa siku ileile hutunga usaha. Nguo zifunike mabega na magoti kwa wote, wanaume kwa wanawake. Doti mbili tatu za kanga zisikose kwa atakayesahau.

Kabla ya boti, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale. Tumbatu haiingiwi kama soko. Mpigie sheha wa Jongowe, kijiji cha kisiwani mtakakofikia, siku mbili kabla, mweleze ni watu wangapi, wanatoka wapi, watakula wapi, watapiga picha za nini. Mwombe akupe mtu wa pale pale wa kuongozana nanyi, na mlipe mtu huyo vizuri. Hata kama umezaliwa ng'ambo ya mkondo kama mimi, ukiwa Tumbatu wewe ni mgeni. Na nakuomba sana, usiwatishe watu wako kwa hadithi za uchawi wa Watumbatu ili safari ipate ladha. Nimewasikia watembezaji wakifanya hivyo ndani ya mashua, mbele ya nahodha Mtumbatu anayewasikia kila neno. Huyo ndiye aliyeshika usukani wa roho zenu.

Watu 14 wagawe mashua mbili. Moja ingewatosha, lakini mbili zinasaidiana mashine ikizima. Kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla kamba haijafunguliwa, na wewe uvae wa kwanza. Hesabu watu wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na kila mnapoondoka mahali. Hesabu kwa sauti.

Makutani, penye magofu ya Tumbatu, ndiyo roho ya siku, ipe muda. Msikiti uko karibu na bahari, na nyumba za mawe zimetawanyika ndani ya vichaka nyuma yake, nyingine zimebaki msingi tu. Usianze kwa tarehe. Waache wasimame mbele ya mihrabu kwanza, wakae kimya, kisha waeleze ilivyojengwa: tumbawe laini hukatwa chini ya maji, huchongwa likiwa bado bichi, na likikauka linakuwa gumu. Kuta ni mawe na chokaa iliyochomwa hapa hapa pwani. Mtu akilielewa hilo huacha kuuliza ni wageni gani walikuja kujenga. Kisha waambie kuhusu Yaqut, mwanajiografia aliyefariki 1229, aliyeandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu, na kwamba wenyeji wake ni Waislamu. Mwalimu mmoja wa historia aliwahi kukaa juu ya jiwe niliposema hivyo, akaniomba nirudie. Alikuwa amefundisha miaka mingi bila kujua kwamba kisiwa hiki kiliandikwa huko mbali wakati ule.

Mtu asipande ukutani kupiga picha. Chokaa ile imechoka. Penye makaburi, pita pembeni, na mweleze mgeni kwa nini kabla hajakosea, usingoje akosee ndipo umkaripie. Jiwe lisiokotwe, wala kigae kidogo cha chungu. Kigae kikiondoka pale kilipo, watafiti hawana tena cha kukisoma.

Adhuhuri iwakute Jongowe. Wanaosali wasali, wengine wapumzike kivulini. Chakula nimepanga na kina mama wa pale: wali wa nazi, changu wa kukaanga, pweza siku akipatikana. Wape idadi kamili jana yake, na pesa mkabidhi mpishi mwenyewe mkononi. Usiipitishe kwa mtu mwingine hata akiwa ndugu yake.

Saa 7 na nusu muwe ndani ya mashua. Mtu atakuomba dakika kumi zaidi. Mkatalie kwa upole, mwoneshe alama ya maji kwenye mwamba.

Mkisharudi Mkokotoni, Fukuchani na Mvuleni ziko upande wa kaskazini, barabara ya Nungwi, na hazihitaji muda mrefu. Watu huziita nyumba za Wareno. Eleza kwamba ni majengo ya karne ya 16, zama za Wareno kweli, lakini ujenzi wake ni wa Waswahili wenyewe. Waoneshe matundu ya kutolea bunduki ukutani Fukuchani, kisha uwageuze waitazame Tumbatu ng'ambo, waone mkondo uliokuwa unalindwa. Mvuleni nyuma ya gofu kuna pango lenye maji baridi. Hapo watoto na watu wazima huwa sawa, kila mmoja anataka kutia mkono.

Mangapwani, penye chumba cha chini walimofichwa watumwa, naiweka mwisho. Wenzangu wengi huanza nayo kwa kuwa iko karibu na mji, na nawaelewa, inapunguza mafuta. Lakini nimeona watu waliotoka kwenye lile shimo la watumwa saa 3 asubuhi, na saa 6 wanacheka kwenye chakula kama hawakuliona. Sikupenda.

Chumba kimechongwa ndani ya mwamba, kikaezekwa juu, ngazi zinashuka gizani. Wakiwa bado juu, waambie kwa ufupi: mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa mjini likafungwa, lakini biashara haikufa siku ile. Iliingia mafichoni, na pwani kama hii ndiko watu walikofichwa wakingojea majahazi ya usiku. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Basi, usiongeze kitu. Usimwambie mtu ajifanye amefungwa ili apigwe picha, wala usikubali akiomba. Washuke watano watano, bila maelezo, simu mifukoni. Asiyetaka kushuka abaki juu, usimuulize sababu.

Wakitoka, waache watembee mpaka kwenye ukingo wa mwamba, kila mmoja kivyake. Wewe kaa nyuma na uwahesabu kwa macho, hapa usihesabu kwa sauti. Gari liwe limeshawashwa taa. Njiani kurudi mjini mimi huwa sisemi, na dereva wangu anajua kutofungua redio. Nikifika nyumbani nampigia sheha wa Jongowe, namwambia wote wamefika.