Kabla hujaleta kasuku nyumbani
Ukitamani kasuku, hasa yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anza kuhesabu saa zako kabla ya pesa. Unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku? Basi mwache. Porini huishi kwa makundi, na akifungiwa peke yake kutwa hujinyonyoa manyoya. Nilimwona mmoja kwa jirani, kifua kitupu kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto, na bado kila mlango ukifunguliwa anasema "karibu". Iliniuma sana.

Tena akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo fikiria pia nani atabaki naye.

Kelele nazo zipo, alfajiri na jioni. Kwenye chumba cha kupanga mtakosana na majirani. Jikoni uwe macho: parachichi ni sumu kwake, na mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula, kikipata moto kupita kiasi, humuua upesi.

Kibali ni lazima ukiulizie mapema. Kwa Kenya ni KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Tangu 2017 kasuku huyu yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Anayekuuzia ndege ndani ya boksi bila karatasi yoyote, usinunue. Huenda amenaswa msituni.

Kama bado unasita, omba kumtunzia rafiki kasuku wake wiki mbili, uamke naye na kusafisha tundu lake kila siku.