Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mcheza Kriketi wa Zamani Aliyetoka Familia ya Wahamiaji: Mfano wa Charles Llewellyn wa Natal

Anayeandika maisha ya mcheza kriketi wa karne ya 19 huvutwa kwanza na mikimbio (alama za mpigaji) na wiketi (wapigaji waliotolewa na mrushaji), kwa sababu takwimu hizo zimehifadhiwa vizuri na hupatikana haraka. Ninashauri aanze na wazazi. Mchezaji aliyezaliwa na wahamiaji hueleweka tu pale msomaji anapojua familia ilitoka wapi, ilisukumwa na nini, na ilipokelewaje ilikofikia. Nitamtumia kama mfano Charles Bennett Llewellyn, aliyezaliwa Pietermaritzburg, katika koloni la Natal, mwaka 1876, akaichezea timu ya Natal tangu ujana wake na kucheza mechi 15 za Testi, yaani mechi kuu za kimataifa, kwa Afrika Kusini kati ya mwaka 1896 na 1912.

Baba yake alikuwa na asili ya Wales, na mama yake alitoka kisiwa cha Saint Helena, katika Bahari ya Atlantiki. Usiishie kulitaja jina la kisiwa, bali uliza ni kwa nini watu walikihama. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli zilizokuwa zikitia nanga hapo kuchukua maji na vyakula zilipungua, kazi zikaadimika, na katika miaka ya 1870 watu wengi wa kisiwa hicho wakavuka kwenda Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, na Natal. Ukiwa na sababu hiyo mkononi, tafuta vitabu vya ubatizo vya makanisa na orodha za abiria wa meli. Mtafute mama kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, na ulijaribu jina la baba kwa kila tahajia, kwani karani mmoja angeandika Llewellyn na mwenzake Llewelyn au Llewellin.

Baada ya hapo ndipo ufungue karatasi za alama, na uzisome polepole. Kumbuka kwamba msimu wa kriketi wa Afrika Kusini huanza mwaka mmoja na kuishia mwaka unaofuata, kwa hiyo mechi ya Machi 1896 huwekwa chini ya msimu wa 1895/96. Kumbuka pia kwamba Natal ilikuwa koloni hadi Muungano wa Afrika Kusini wa mwaka 1910, na kuiita mkoa kabla ya hapo ni kosa. Llewellyn alipohamia Uingereza kuichezea timu ya kaunti ya Hampshire kama mchezaji wa kulipwa, karatasi za huko zilificha jambo jingine katika safu ya majina: mchezaji wa ridhaa alipewa heshima ya kutanguliziwa herufi za majina yake au neno la “Bwana”, ilhali wa kulipwa mara nyingi aliandikwa kwa jina la ukoo peke yake. Safu hiyo moja inaonyesha tabaka la mtu kabla hujafika kwenye mikimbio yake.

Mwaka 1902 unastahili kurasa nyingi kuliko miaka mingine. Uingereza ilimjumuisha katika kikosi cha wachezaji 14 kwa ajili ya Testi ya Edgbaston dhidi ya Australia, ingawa hakuingia uwanjani. Miezi michache baadaye, akiwa upande wa Afrika Kusini, aliwarushia Australia hao hao mipira yake ya mkono wa kushoto na kupata wiketi 25 katika Testi tatu. Mtoto wa wahamiaji alikuwa anatakiwa na nchi mbili kwa wakati mmoja, na mwandishi asilipite jambo hilo kwa sentensi moja.

Suala la rangi ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwaka 1894 mrushaji wa kasi Krom Hendricks aliachwa nje ya timu ya Afrika Kusini iliyozuru Uingereza kwa sababu ya rangi yake. Miaka miwili baadaye Llewellyn alichaguliwa. Eleza matukio hayo mawili yakiwa yamekaribiana. Wanahistoria humtaja kuwa mchezaji wa kwanza asiye Mzungu kuichezea Afrika Kusini Testi, na wa pili, Omar Henry, hakupatikana hadi mwaka 1992. Hata hivyo, mwaka 1976 binti yake alikanusha hadharani kwamba baba yake alikuwa chotara. Kauli yake iandikwe kikamilifu na kwa heshima, kando ya nyaraka, kwa kuwa familia iliyoishi miaka mingi katika jamii iliyowagawa watu kwa rangi ilikuwa na sababu nzito za kulisimulia jambo hilo kwa namna yake.

Mwisho, fuata nyaraka hadi Uingereza, alikofariki Chertsey mwaka 1964. Sensa za huko za mwaka 1901 na 1911 ziliuliza mahali pa kuzaliwa na kazi, lakini hazikuuliza rangi. Ukiziweka mezani pamoja na kumbukumbu za Natal, utaona swali la rangi lililomfuata nyumbani likitoweka katika karatasi za ng'ambo, na hapo ndipo sura ya maisha yake ya Uingereza inapopaswa kuanzia.