Kutenganisha nebula za gesi na za vumbi kwa kichujio cha oksijeni

Kwenye darubini ndogo nebula nyingi, yaani mawingu ya anga za mbali, huonekana kama doa la ukungu wa kijivu. Baadhi ni gesi inayong'aa, nyingine ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota jirani. Mnamo Agosti 1864, mwanaastronomia William Huggins wa London aliipitisha nuru ya nebula ya Jicho la Paka kwenye prizimu, kioo kinachotawanya nuru katika rangi zake. Badala ya utepe wa rangi zote, akaona mistari michache tu, mkali zaidi ukiwa wa kijani. Ilikuwa gesi. Kichujio kimoja kinatosha kukuonyesha tofauti hiyo.

Unahitaji darubini yenye kioo cha milimita 114 au zaidi, lenzi ya jicho ya ukuzaji mdogo (ya mm 25 kwenye darubini ya fokasi mm 750 hukuza mara 30), na kichujio cha inchi 1.25 kilichoandikwa OIII, yaani cha oksijeni. Hicho hupitisha mwanga wa karibu nanomita 500 na kuzuia karibu mwingine wote.

Anza na M42, nebula ya gesi katika kundinyota la Orioni, usiku usio na mbalamwezi. Katikati ya Januari, Dar es Salaam, hufika utosini kama saa nne na nusu usiku. Itazame saa moja au mbili kabla, kwa sababu darubini ya Dobson (inayozunguka juu ya kitako sahili) ikielekea utosini ni ngumu kuizungusha. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuwasha simu. Tafuta nyota tatu za mshipi wa Orioni. Kusini yake kuna mstari mfupi wa nyota hafifu, na penye ukungu ndipo M42.

Usikifunge kichujio kwenye lenzi. Kishike kwa ukingo, kati ya jicho na lenzi, kisha ukiingize na kukitoa mara kadhaa. Nyota zitafifia sana. Wingu litabaki na kujitokeza zaidi: ndiyo dalili ya gesi. Kishike kikiwa sambamba na lenzi. Kikiinama, mwanga kinaoupitisha husogea upande wa buluu, mstari wa oksijeni unazuiwa, nawe utadhani nebula ya gesi ni vumbi. Kosa hili ndilo linalopotosha wengi.

Usitarajie wekundu wa kwenye picha. Gizani jicho halihisi nyekundu ya hidrojeni (nm 656.3), bali linahisi vizuri sana mstari wa nm 500.7, uleule wa Huggins. Hakuna aliyeutambua hadi 1927, mwanafizikia Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba kiasi kwamba atomi hazigongani kabla ya kutoa nuru hiyo.

Sasa geukia Kilimia, kwenye anga jeusi kabisa. Ukungu wa Merope, mojawapo ya nyota zake, hufifia pamoja na nyota zenyewe: ni vumbi, kama mwanaastronomia Vesto Slipher alivyogundua mwaka 1912 alipoona spektra yake (utepe wa rangi za nuru yake) inafanana na ya nyota. Pwani, hakikisha kwanza si umande. Tazama Aldebarani, nyota ng'avu iliyo jirani, nayo ikiwa na ukungu, lenzi imeloa, ikaushe.

Ifikapo Aprili, mapema usiku, rudia jaribio kwenye nebula ya Karina upande wa kusini. Ni kubwa, na hujibu kichujio vizuri sana.