Jicho linalotiririka baada ya upasuaji wa saratani ya pua: tunavyofanya nyumbani

Shangazi yangu alitolewa uvimbe wa saratani puani, kisha akapigwa mionzi. Miezi kadhaa baadaye jicho la kulia likaanza kutiririka, tukalaumu vumbi la Jogoo Road. Kumbe machozi hushukia puani kwa kimfereji chembamba, na kimfereji hicho huweza kukatwa kwenye upasuaji au kuzibwa na kovu.

1. Anzeni kliniki, si duka la dawa. Daktari wa pua na wa macho, wote wawili wajue. Saratani ikirudi nayo huziba njia, kwa hiyo pua huchunguzwa kwanza kwa kamera, pengine na picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta. Machozi yenye damu, uvimbe mgumu karibu na kona ya jicho, au kuona vitu viwiliviwili: usingoje tarehe ya kliniki.

2. Safisha tongotongo kwa kitambaa cha shashi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Pamba sitaki hata kuiona, huacha nyuzi jichoni.

3. Kamua kifuko cha machozi, yaani kijimfuko ambamo machozi hupita kabla ya kushuka kwenye kimfereji, ikiwa daktari ameruhusu. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima nikibonyeza pua, hakitoki kitu. Nesi alinicheka: "Dada, hapo unakamua mfupa." Akanishika kidole. Gusa kona ya ndani ya jicho, shuka kidogo mpaka uhisi ukingo wa mfupa. Kifuko kimelala nyuma yake tu. Bonyeza taratibu kuelekea puani, usiguse mboni. Ute ulipanda ukachungulia kwenye kitundu cha kope ya chini, mzito kama uji uliopoa. Futa, ndipo utie dawa ya matone. Mimi nilikuwa natia dawa kwanza, halafu naifuta yote pamoja na ute. Wiki nzima!

Kucha ziwe fupi. Aliyetolewa mfupa hapo huenda huo ukingo hana, basi aliyempasua ndiye akuonyeshe usoni pake mwenyewe, si kwenye video. Ngozi iliyopigwa mionzi huchubuka upesi. Pakiwa pekundu, pa moto na panauma, usikamue kabisa: kifuko kimeingia maambukizi, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na kukamua hakuzibui njia, kunapunguza uchafu tu.

4. Upasuaji wa kufungua njia mpya toka kwenye kifuko hadi puani ni uamuzi wa madaktari. Baadaye, usipenge pua mpaka uruhusiwe.

5. Baada ya upasuaji huo, mara nyingi huachwa kijibomba cha silikoni ndani ya njia hiyo kwa muda. Kikichomoza konani, usivute, usikate. Kibandike kwa plasta ubavuni mwa pua, mwende kliniki. Shangazi nilimkuta mbele ya kioo, mkasi mkononi, akidhani ni uzi wa mshono uliosahaulika.