Picha ya ndege ikiwa mbovu, anza na umbo

Ukiwa na picha ya ndege yenye ukungu na unataka kumtambua ni wa aina gani, usikimbilie rangi. Rangi ndiyo ya kwanza kudanganya: ndege aliyepigwa picha jua likiwa nyuma yake huonekana mweusi tii hata kama ni wa kijani, na jua kali la mchana hufuta michirizi ya kifuani.

Umbo hudumu. Badala ya kuikuza picha mpaka ivunjike vipande, ipunguze, kisha itazame kwa mbali kidogo. Mwili, mkia na mdomo hujitokeza vizuri zaidi. Mdomo hasa usiupite haraka. Mfupi na mnene ni wa mla mbegu, mwembamba uliopinda huenda ni wa chozi, ndege mdogo mnywa nekta, wenye ncha ya ndoano ni wa mla nyama. Ndege akiwa angani, angalia shingo: yangeyange huikunja, korongo huinyoosha. Hilo pekee laweza kumaliza ubishi, hata picha iwe mbaya namna gani.

Ukubwa pima kwa kitu kilicho karibu naye, kama jani au waya.

Ukiomba msaada, tuma faili halisi, maana picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Taja mahali, tarehe, na alichokuwa akifanya. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, nayo huuliza mahali na tarehe, kwa sababu hizo mbili huondoa ndege wengi wasiowezekana.

Na ukifika kwenye “aina fulani ya mwewe” ukakwama, andika hivyohivyo. Ni jibu sahihi kuliko jina la kubahatisha.