Gari la otomatiki linatetemeka au kuzimika? Pima konvata kabla ya kushusha giaboksi

Giaboksi nyingi za magari ya zamani hushushwa bure. Ugonjwa wa toki konvata hufanana sana na wa plagi zilizochoka, swichi ya breki au oili iliyoisha nguvu, na vipimo vya kuvitofautisha havihitaji kufungua hata nati moja.

Konvata ni ngoma ya chuma iliyo kati ya injini na giaboksi. Ndani mna feni mbili zinazotazamana: ya injini inarusha oili, ya giaboksi inaipokea na kuzunguka. Katikati kuna stata, inayogeuza mkondo wa oili ili gari lipate nguvu ya kuondoka. Magari mengi yana pia klachi ya ndani, lokapu, inayoshika mwendo ukishatulia ili injini na giaboksi vizunguke pamoja bila kuteleza.

Anza na oili. Gari likishapata moto, pitisha gia zote, rudi P, chomoa dipstiki na udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Magari mengi hupimwa injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ila Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Wekundu ni afya. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi zinazoungua. Tone likimeta kama lina unga wa fedha, kuna chuma kinachosagika. Likiwa la waridi lenye povu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo kubadilisha oili peke yake hakutaokoa klachi, kwa sababu maji huharibu gundi inayoshika bitana zake.

Tetemeko la lokapu hutokea mara nyingi kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, na husikika kama tairi zinapita juu ya rasta. Kwenye barabara tupu, shikilia mwendo huo, kisha gusa breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Swichi ya breki huiachisha lokapu. Tetemeko likikatika papo hapo na mizunguko ya injini kwa dakika ikipanda kwa 200 hadi 400, lokapu ndiyo inayoteleza. Ila kagua plagi na koili hata hivyo: lokapu ikishika, injini hubeba mzigo ikiwa kwenye mizunguko midogo, na misi ndogo (silinda kukosa kuwaka vizuri) iliyokuwa imejificha hujitokeza hapo hapo.

Mizunguko isipobadilika kabisa ukigusa breki, lokapu haikuwa imeshika. Angalia kama taa za breki zinawaka muda wote, na kama thermostati (vali ya maji ya kupoza injini) imekwama wazi, maana injini baridi hairuhusiwi kufunga lokapu. Ukisoma kodi za hitilafu kwa mashine ya uchunguzi, P0741 inasema lokapu haishiki, P0742 imekwama ikiwa imeshika, P0743 ni hitilafu ya umeme wa solenoidi, yaani vali ya umeme inayoiongoza lokapu. Pima solenoidi kwa multimita: nyingi za aina ya kuwaka na kuzima husoma takriban omu 10 hadi 30. Isiposoma kitu imekatika; ikisoma karibu sifuri imepiga shoti.

Gari likizimika kila unaposimama, kama la gia za mkono lililosahauliwa klachi, lokapu imekwama imeshika. Chomoa soketi ya solenoidi yake. Likiacha kuzimika, tafuta kosa kwenye umeme. Likiendelea, kosa liko kwenye vali au konvata yenyewe.

Gari zito kuondoka lakini zuri likishakimbia? Huenda stata inateleza. Funga breki ya mkono, weka magogo kwenye tairi, asisimame mtu mbele wala nyuma. Kanyaga breki hadi mwisho, weka D, kanyaga mafuta yote kwa sekunde zisizozidi 5, soma mizunguko, kisha rudi N dakika nzima ili oili ipoe. Linganisha na kitabu cha gari. Pungufu kwa mamia kadhaa ni injini dhaifu au stata. Ikizidi sana, ni oili pungufu au klachi za giaboksi zinazoteleza. Konvata haina kosa.

Mlio wa kusaga ukiwa kwenye D umeshika breki, unaopotea ukiweka N, ni beringi ya ndani ya konvata. Mgongano wa chuma ukiwa silensa, mulika sahani ya flaiwili inayounganisha injini na konvata: nyufa huanzia kwenye matundu ya boliti.

Tetemeko likiwa ndilo tatizo pekee na oili haina chuma, badilisha oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, pamoja na filta. Ukimwaga kupitia sampo, yaani karai la chini ya giaboksi, hutoka sehemu tu ya oili, nyingine hubaki ndani ya konvata, hivyo rudia mara tatu ukiendesha katikati.

Konvata imechomelewa pande zote, kwa hiyo nunua mpya au iliyokarabatiwa na kufanyiwa balansi ya mzunguko. Safisha kipoza oili na mipira yake, la sivyo chuma cha zamani kitaua mpya. Weka oili sili mpya, mimina takriban lita 1 ndani ya konvata, isukume kwenye giaboksi huku ukiizungusha hadi isikike ikizama ndani mara mbili au tatu. Giaboksi ikishagusana na injini kwa mkono, konvata lazima izunguke huru, ikiwa na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye flaiwili. Isipopata nafasi hiyo, usiivute kwa boliti kamwe: pampu ya oili ya giaboksi itapasuka ndani kabla hujawasha injini. Itoe, anza upya.